Maji ya Mchungaji Naftaly

Jumamosi moja ya kiangazi, mwaka wa 1979, Wakarima alilivuta sanduku la bati la marehemu baba yake, Mchungaji Naftaly, hadi uani, pale Kabiro, ili aanike karatasi kabla mende hawajazimaliza. Alifunga kamba kutoka bafuni hadi mlango wa mpangaji wa mwisho, akazibana kwa vibanio vya nguo: mahubiri, cheti cha ndoa ya wazazi wake, picha ya familia mbele ya kanisa la Kipresbiteri lilipokuwa lingali la mabati.

Hizo zilikuwa kavu. Chini kabisa palikuwa na kadi za ubatizo zilizofungwa kwa kamba ya katani. Zilianza kudondosha maji mara tu zilipoanikwa. Wakarima akaleta karai. Lilipojaa, akaleta sufuria.

Zilikuwa kadi za watoto ambao Mchungaji Naftaly hakuwabatiza kwa sababu mama zao hawakuwa na waume. Alikuwa na mazoea ya kuandika kadi mapema, kwa mwandiko mzuri, kabla wazee wa kanisa hawajakaa kikao. Wazee wakikataa, hakuichana. Aliiweka sandukuni, na maji ambayo hayakumwagwa yalibaki humo.

Mfereji wa ploti ulikuwa umekauka wiki nzima. Wapangaji walitoka na madebe.

"Kanjo wa jiji waje wajifunze kuleta maji kwa Pasta," mpangaji mmoja, Mildred, alisema, akisukuma debe lake mbele.

"Panga laini, Mildred," Wakarima alisema. " Baba hakupenda fujo."

Wangoi, muuza sukuma, alikuja na binti yake Waceke. Shule ya kanisa ilitaka kadi ya ubatizo, na Wangoi, kwa kuzaa bila ndoa, alikuwa bado anakalishwa benchi la nyuma kanisani, bila kupewa Meza ya Bwana. Aliikuta kadi ya Waceke kambani. Ilikuwa na kila kitu ila sahihi.

Walimwita Mzee Chege wa baraza la kanisa aitie sahihi. Alipewa chai iliyopikwa kwa maji yale, akaomba kikombe cha pili.

"Ni maji ya Pasta, hata mimi naonja," alisema. "Lakini sheria inataka mama afunge ndoa kwanza."

"Baba yake Waceke anaimba besi kwaya pale mbele, Mzee," Wangoi alisema. " Yeye mbona hakupelekwa nyuma?"

Mzee Chege alitazama kikombe. "Hiyo haijaletwa kwa baraza."

Aliondoka na chupa moja ya maji, ya kumpelekea mkewe.

Wangoi akaishika kadi juu ya kichwa cha Waceke. Maji yake yakamwagika yote. Mtoto alifumba macho, akalamba midomo. Wakarima akatia sahihi kwa kalamu ya baba yake, na kadi ikakauka papo hapo.

Shule ya kanisa iliikataa sahihi hiyo. Shule ya kanjo ilimpokea Waceke bila kuuliza kadi. Benchi la nyuma halikusogezwa.

Jumamosi iliyofuata, mama mmoja alifika kutoka Silanga na mwanawe mwenye ndevu. Wakarima alitafuta kadi yake kambani, akasogeza karai. Kijana akavua kofia, akainama sana, maana Wakarima ni mfupi.