Pini Nyeupe, Tundu Jekundu

1.

Tk.

Umeme umekatika Tukuyu nzima. Saa moja jioni, mvua inapiga bati, na mimi natafuta kiberiti kwa kupapasa.

Tk.

"Sekela, acha hicho kiredio. Betri itaisha."

"Namsikiliza bibi."

"Si umemsikiliza jana?"

"Jana hakumaliza."

Ana miaka mitano. Bibi yake, yaani mama yangu, ana siku thelathini na moja kaburini.

2.

Kiredio chenyewe ni kidogo kama kipande cha sabuni kilichobaki baada ya kufua. Nilikinunua kwa ajili ya masomo ya jioni: ufundi wa redio, Jumatatu mpaka Alhamisi, wanaume kumi na saba na mimi. Namrekodi mwalimu, halafu kesho yake nasikiliza somo nikiwa nachambua mboga. Ndivyo anavyosoma mtu mwenye mtoto.

Mwezi wa tatu Sekela alikitumbukiza kwenye uji. Tangu siku hiyo:

    kispika chake, kimekufa
    tundu la waya wa kompyuta, limekufa
    sikio la kulia la waya wa kusikilizia, limekufa
    sikio la kushoto

linasema.

Najua unachotaka kuniuliza. Kwa nini sikuihamishia sauti kwenye simu? Rudi juu. Soma tena pale penye uji.

3.

(Sauti iliyomo. Haifiki dakika mbili.)

Kimewaka? Sekela, kimewaka?

Kimewaka, bibi. Kuna taa nyekundu.

Haya. (Kikohozi.) Mimi Tulinagwe, mjane wa Mwaipaja, nasema nikiwa na akili zangu. Kuandika sijui, na sitaki mtu aniandikie, maana waandishi wengine hujiandika wao. Matofali ya nyumba hii niliyafyatua mwenyewe, mume wangu akiwa kaburini mwaka wa nne. (Kikohozi. Kirefu.) Nyumba hii namwachia mwanangu Tumpe. Si shemeji. Tumpe. Migomba ya bondeni wagawane. Nimemaliza. Sekela, zima.

Nazimaje?

Bonyeza palepale.

Tk.

4.

UKOO WA MWAIPAJA
TANGAZO LA KIKAO CHA MALI

Yah: Nyumba ya Marehemu Kaka

(a) Kikao kitaketi Jumapili, saa tisa alasiri, sebuleni mwa nyumba husika.
(b) Kwa kuwa nyumba ni ya ukoo, itarejeshwa mikononi mwa ukoo, yaani kwa mdogo wa marehemu.
(c) Binti Tumpe amepewa muda wa kutosha wa kuhama, yaani hadi Jumamosi.
(d) Watoto wasiingie kikaoni.

Mimi, A. Mwaipaja, Mwenyekiti.
Mimi, A. Mwaipaja, Katibu.

Mtu mmoja, baba mdogo Ambakisye. Saini mbili. Gundi ya unga wa ngano, amelibandika kwenye mlango niliopaka rangi mimi.

"Nyumba ya marehemu kaka." Kaka yake aliwahi kulala humu? Kaka yake alikufa pakiwa shamba la viazi.

5.

Kwetu neno la marehemu halipitishwi sikio kwa sikio. Linasemwa mara moja, watu wote wakiwa wameketi, na likiisha, shangazi mkubwa anajibu kwa niaba ya ukoo: Tumesikia. Akishatamka hilo, hata mwenyekiti hana la kuongeza. Asipolitamka, neno limeanguka.

Mimi nilikwenda kikaoni na sikio moja la kiredio.

Sikio moja, watu saba. Wakalipokezana kama kipande cha muwa.

Babu Gwandumi alilishika kwa vidole viwili. "Ni mpira? Nani kafunga?"

Binamu mmoja akasikia migomba. Mwingine akasikia wagawane, akafurahi sana.

Shangazi Subilaga, ndiye mkubwa wetu, alisikia kikohozi, akalia, akalivua. "Wifi yangu! Siwezi, jamani, siwezi."

Baba mdogo Ambakisye alisikiliza yote, macho kayafumba kama yuko kanisani. Akalivua. Akalifuta kwa leso yake. Akasema:

"Ametaja shemeji."

"Baba mdogo, kasema SI shemeji."

"Mwanangu, mimi nimesikia shemeji. Mengine ni kikohozi."

6.

NYONGEZA YA TANGAZO

(e) Sauti ya mashine itakubalika endapo tu itasikika na kikao kizima kwa mpigo mmoja.
(f) Mashine ya kutolea sauti iwe redio iliyomo ndani ya nyumba husika. Redio za kuazima hazikubaliki kwa kuwa zinaweza kuwa zimechezewa.
(g) Nafasi ni moja, Jumapili ijayo.

7.

Redio iliyomo ndani ya nyumba husika.

Ni ile kubwa ya baba. Ya mbao, ina vitufe kama meno ya mtu tajiri. Mama aliifunika kwa kitambaa alichokishona kwa mkono, akazitandika spika zake mbili vitambaa viwili vya rangi ileile. Krismasi tu ndiyo iliwashwa.

Nimesema spika mbili? Samahani.

Siku ya pili baada ya mazishi, nikiwa nakosha masufuria ya msiba, baba mdogo aliingia akaondoka na spika ya kushoto kwapani. "Naazima." Hakufungua waya. Aliuvuta! Ukatoka na tundu lake, na nyuma ya redio pakabaki shimo na nyuzi mbili zinachungulia kama minyoo.

Na anaposema (f), anajua alichokibakiza.

8.

(Kilabuni kwa Ambakisye. Alinisimulia jirani aliyekwenda kununua soda.)

"Ambakisye, spika yako hii tamu!"

"Ya ukoo."

"Ukoo unacheza muziki mkali."

"Utacheza zaidi. Ile nyumba nikiipata, chumba cha mbele naweka meza ya puli."

9.

Chumba cha mbele ndicho anacholala Sekela.

10.

Darasani. Mwalimu Kibona, sauti yake ya chaki:

"Waya wa kutoka kiredioni kwenda redio kubwa una pini moja huku, pini mbili kule. Nyeupe ni kushoto. Nyekundu ni kulia. Nyeupe kwa nyeupe, nyekundu kwa nyekundu. Asivuke mtu rangi. Mama Sekela, nimesemaje?"

"Asivuke mtu rangi, mwalimu."

Niliandika. Nikapigia mstari. Mimi ni mwanafunzi wa aina hiyo.

Waya niliuchomelea mwenyewe. Risasi ikatoa moshi, nikakohoa, darasa likapata burudani.

"Mama Sekela, unachomelea au unakaanga maandazi?"

"Nakaanga. Panga foleni."

Sikuwa nacheka. Mikono yangu ilikuwa na hasira iliyotulia, ile hasira inayofanya kazi safi.

11.

(Shangazi Subilaga, kwa sauti yake mwenyewe. Alinikuta kisimani Ijumaa.)

Sikia, Tumpe. Mimi naishi uani kwa Ambakisye. Mlango wangu anaufunga yeye, anaufungua yeye. Ukiniuliza mama yako alisema nini, nitakwambia sijui, na kweli sijui, nililia kabla hajafika. Sasa usiniombe niseme nisichokisikia. Lakini nikikisikia, mwanangu... nikikisikia kwa masikio yangu haya, kikao kizima kikiniangalia...

Nitwishe ndoo.

12.

Jumapili. Saa tisa na robo. Watu saba, mabenchi matatu. Mlango umefungwa kwa ajili ya (d).

Nyeupe kwenye tundu jeupe.

Nyekundu kwenye tundu jekundu.

Nikawasha. Taa ya redio ikawaka njano. Spika ikaguna,

mmmmmmmm

halafu

kimya.

Nikaongeza sauti. Kimya kikaongezeka.

"Tumpe," akasema baba mdogo kwa upole, upole ule wa mtu anayekupakia mizigo kwenye gari, "mama yako amekataa kusema."

Babu Gwandumi akauliza kama imekwisha.

Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka. Nyeupe kwa nyeupe. Nyekundu kwa nyekundu. Kama nilivyofundishwa. Kama nilivyopigia mstari. Maisha yangu yote nimechomeka kila kitu rangi kwa rangi: shikamoo kwa mkubwa, samahani kwa mkubwa, nitahama kwa mkubwa. Baba Sekela aliposema anakwenda Chunya kutafuta dhahabu nikamfungashia chakula, nikamwambia safari njema. Mwaka wa tatu huu. Rangi kwa rangi. Na nimepata nini? Nimepata

mmmmmmmm

Wewe unayesoma umekwisha kuona, sivyo? Unanipigia kelele toka huko uliko. Mimi ilinichukua muda, nikiwa nimepiga magoti nyuma ya redio ya baba, vumbi puani, watu saba wananitazama mgongo.

Kiredio kinasema kushoto tu. Uji.

Redio inasema kulia tu. Ambakisye.

Mama yangu yuko kwenye pini nyeupe, anapelekwa kwenye spika iliyoko kilabuni.

13.

Nilizichomoa zote mbili, nikairudisha sauti mwanzo. Nyekundu nikaiacha ining'inie.

Nyeupe nikaishika.

Asivuke mtu rangi.

Nikavuka.

14.

KIMEWAKA? SEKELA, KIMEWAKA?

Babu Gwandumi akaruka kwenye benchi. Kitambaa juu ya spika kikatetemeka. Sauti ilikuwa kubwa kuliko mama mwenyewe alivyopata kuwa, ilijaza chumba mpaka kwenye kenchi, kila kikohozi kikawa mtu aliyeingia.

HAYA. MIMI TULINAGWE, MJANE WA MWAIPAJA

"Mungu wangu," akasema binamu.

NASEMA NIKIWA NA AKILI ZANGU

Shangazi Subilaga akasimama. Hakulia safari hii. Alisimama wima, mikono kwenye kanga, kama anayesubiri kupokea kitu.

MAANA WAANDISHI WENGINE HUJIANDIKA WAO

Watu wakamwangalia Katibu. Mwenyekiti naye wakamwangalia.

Sikumtazama. Hilo ndilo kosa langu la siku ile, na sitajisamehe haraka. Nilikuwa natazama spika kama mjinga, kama mtoto anayemwona mama yake akitoka sokoni. Sikuona anavyojisogeza kwenye ukuta.

MWAKA WA NNE

Kikohozi. Kirefu.

NYUMBA HII NAMWACHIA MWANANGU

15.



16.

Plagi ilikuwa mkononi mwake. Aliing'oa kwa mtindo aliong'olea spika, na vumbi la plasta likaendelea kudondoka.

"Shoti," akasema. "Nimenusa moshi. Nimewaokoa."

Hapakuwa na moshi. Mimi najua harufu ya moshi, nina cheti cha muhula wa kwanza.

"Rudisha," nikasema. Sikusema baba mdogo. Sikusema samahani. "Rudisha plagi hiyo."

"Nafasi ni moja. Soma (g)."

"Rudisha!"

"Mwanangu? Mwanangu nani? Nami nilikuwa kama mwanawe." Akakigeukia kikao, plagi ikining'inia mkononi kama panya. "Kuna aliyesikia jina? Aseme. Dada Subilaga, wewe ndiye wa kujibu. Umesikia jina?"

Shangazi alikuwa bado amesimama. Mdomo wazi. Ndani ya mdomo ule neno lilikuwa limekaa, nililiona, la silabi tano, na funguo za mlango wake zilikuwa mfukoni mwa huyu anayemuuliza.

"Sija..." akasema. "Haku..."

Ukingoni mwa meza, kando ya redio, kiredio kilikuwa bado kinatembea kwa betri yake. Taa yake ndogo inawaka. Mama alikuwa anaendelea kusema humo ndani, anamaliza sentensi yake, anataja jina langu mara mbili, na hakuna sikio hata moja.

Tk.

Wote tukageuka. Chini ya meza ya redio kitambaa kirefu kilisogea, ukatoka mguu, ikatoka kandambili moja, akatoka mtu wa (d) aliyekuwamo humo tangu saa nane, uso una vumbi, kiredio kishakuwa mkononi mwake na waya wangu unaburuta nyuma.

"Mto... mtoeni huyo mtoto," akasema Mwenyekiti, akasema Katibu.

Hakuna aliyenyanyuka.

Sekela hakumtazama yeye. Alimtazama shangazi, akajipangusa pua kwa mkono, akasema kwa sauti:

"Bibi alisema nyumba ni ya mama."