Sasisho la Seva ya Tatu

Wauguzi ndio waliombandika jina la Sindano, kwa wembamba wake na kwa jicho lake lililoona tundu pale ambapo wengine waliona ukuta mzima. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na kazi yake ilikuwa kutunza mashine nne zilizobeba kumbukumbu zote za hospitali. Ukiziangalia, ni masanduku manne ya chuma yaliyolala kwenye rafu. Lakini ndani yake zilikaa seva pepe hamsini na mbili, kompyuta zisizo na mwili wa kwake: ya maabara, ya duka la dawa, ya wodi ya watoto, ya barua pepe. Sanduku likizimwa, zote zilizomo huzimika nalo. Ndiyo maana kulisasisha ilikuwa kazi ya kujipanga, si ya kukurupuka.

Mkuu wake walimwita Jenerali. Hakuwahi kuvaa gwanda maishani mwake, ila alipenda kuamrisha, na alipenda zaidi kumwona mtu akitafuta maneno ya kujitetea. Sindano alikuwa chakula chake cha kila siku. Baba yake Sindano alikuwa fundi wa viyoyozi hapo hapo hospitalini, mwaka wa thelathini sasa, na ndiye aliyekwenda ofisini kwa Jenerali kumwombea bintiye kazi. Jenerali hakuacha jambo hilo lipoe. Mbele ya watu alimwita "mtoto wa kiyoyozi", na watu walicheka kwa kuwa aliyesema ni mkuu.

Masasisho yalipotoka, Sindano alijiandaa wiki mbili. Alisoma maelezo ya watengenezaji ukurasa kwa ukurasa, chai ikipoa pembeni, mpaka akafika kwenye mstari mmoja uliomfanya aweke kikombe chini. Mashine zenye kadi ya diski ya toleo la zamani, kile kipande kinachoiunganisha mashine na diski zake, zilitakiwa kusasishwa kadi kwanza, vinginevyo zikiwaka upya zingeweza kuvuruga diski zake. Ya tatu na ya nne zilikuwa za zamani. Ya tatu ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu seva pepe zake zilihifadhiwa kwenye diski za mashine yenyewe, na majirani zake hawakuwa na nafasi ya kuzipokea.

Ijumaa alimwandikia Jenerali barua pepe. Aliomba mambo mawili: kadi isasishwe kwanza, na ya tatu ichukuliwe bekapu mpya, nakala ya akiba ya vyote vilivyomo, kabla haijaguswa. Jenerali hakujibu. Alipita tu mezani kwake wakati wa kutoka, akasema ameiona, akaenda zake.

Jumamosi saa mbili asubuhi walianza. Ya kwanza ilikwenda kama maji. Sindano alihamisha seva pepe zake kwenda kwa majirani moja baada ya nyingine, na hakuna muuguzi hata mmoja aliyegundua kwamba faili aliloshika limehama nyumba. Akaiweka mashine kwenye hali ya matengenezo, akaisasisha, akaiwasha upya, akaikagua, akazirudisha seva zake. Ya pili vivyo hivyo. Ilipofika saa tano wakawa wamefika kwa ya tatu.

Chumba kilikuwa kidogo. Nyuma ya rafu, juu ya ngazi, baba yake alikuwa amefungua kiyoyozi kimoja akisafisha kichujio kwa kitambaa. Jenerali alisimama mlangoni na simu mkononi.

Sindano aliondoa mikono kwenye kibodi. "Mkuu, hii kadi yake bado ni ya zamani. Na bekapu yake ya mwisho ni ya juzi Alhamisi. Nipe mpaka jioni, nichukue nyingine kwanza."

"Nimemwahidi mkurugenzi kwamba saa sita tumemaliza."

"Ikivurugika, majibu yote ya maabara ya jana na leo yanapotea."

Jenerali alisogea mpaka Sindano akasikia harufu ya marashi yake. "Wewe uliingia hapa kwa hisani, sijakuajiri unifundishe kazi. Zima, sasisha, washa. Hiyo ni amri, na lawama ni zangu."

Juu ya ngazi kitambaa kilisimama. Halafu kikaanza tena kusugua.

Sindano akatii. Aliwapigia wodi simu kwamba mfumo utakatika kwa nusu saa, akazizima seva pepe kumi na nne, akasasisha. Mashine ikazimika, ikawaka, ikahesabu kumbukumbu zake, kisha ikaanza kutafuta diski. Ikatafuta. Kwenye skrini likatokea neno moja la onyo, na chini yake orodha tupu ya diski. Alijaribu tena, mara ya pili na ya tatu.

"Umefanya nini?" Jenerali aliuliza kwa sauti ya upole kabisa, sauti ambayo Sindano hakuwahi kuisikia kwake. Kisha akatoka, simu tayari sikioni, na kabla mlango haujajifunga alimsikia akimweleza mkurugenzi kwamba kuna binti mmoja amekurupuka.

Iliwachukua siku tatu kuzirudisha seva kutoka kwenye bekapu ya Alhamisi. Kila kilichoingia baada ya hapo kilikuwa kimekwenda. Watu waliotolewa damu Ijumaa waliitwa kutolewa tena. Katika wodi ya watoto kulikuwa na kichanga aliyetolewa maji ya uti wa mgongo, na kwa kuwa sampuli ilishatupwa na jibu halipo, ilibidi atolewe mengine. Jenerali alimtuma Sindano mwenyewe akamweleze mama wa mtoto. Alimwambia akamwambie "kosa ni langu", kwa maneno hayo hayo, na akamtuma katibu amsindikize ili ahakikishe. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumtukana. Alimwomba tu amshikie mtoto miguu watakapomchoma, kwa sababu yeye mara ya kwanza alishika na hawezi tena. Sindano akamshika.

Jioni hiyo alikumbuka barua yake ya Ijumaa, akakimbilia kompyuta kuitafuta. Haikuwepo. Seva ya barua pepe ilikuwa mojawapo ya zile kumi na nne, na iliporudi ilirudi ikiishia Alhamisi.

Kamati ya watu watatu ilikaa wiki iliyofuata. Jenerali alisema hakuambiwa lolote kuhusu kadi. Sindano alitoa daftari lake, ambamo alikuwa ameandika hatua zote, na mstari wa kadi ameupigia mistari miwili. Mwenyekiti alilisoma, akasema hii inaonyesha alijua hatari na bado akaendelea. Sindano akasema kulikuwa na mtu wa tatu chumbani.

Wakamwita baba yake. Aliingia na sare iliyopigwa pasi, kofia mkononi, akakaa pembeni mwa kiti kama mgonjwa anayesubiri majibu. Hakumtazama bintiye. Mwenyekiti alimuuliza alisikia nini.

"Nilikuwa juu ya ngazi, mheshimiwa. Viyoyozi vinanguruma. Sikusikia kitu."

Mjumbe mmoja, mwanamke mhasibu, alimuuliza kama kiyoyozi kinachosafishwa si huwa kimezimwa.

"Viko viwili," alijibu baba.

Ikaisha hapo. Sindano aliachishwa kazi siku hiyo hiyo, na barua ikasema kwa uzembe. Daftari lilibaki kwa Jenerali kama kielelezo. Mwezi uliofuata mashine ya nne ilisasishwa salama salimini, kadi kwanza, hatua kwa hatua, na mkurugenzi akamsifu Jenerali kwenye mkutano wa wafanyakazi.

Walikaa katika nyumba ya hospitali, vyumba viwili nyuma ya chumba cha kufulia. Siku aliyofukuzwa, Sindano alimngoja baba yake amalize kunawa mikono.

"Ulisikia, baba?"

"Nilisikia." Alijifuta vidole kimoja kimoja. "Nimebakiza miezi minane nistaafu. Nyumba hii si yetu. Wewe bado kijana, utapata kwingine. Mimi nani atanichukua?"

"Ungeniambia kabla sijakutaja."

"Ungenitaja tu. Nakujua."

Mama yake alitoka jikoni na sufuria. Sindano alidhani amekuja kumtetea. Mama alitua sufuria mezani akamwambia amwombe baba yake radhi, kwa kumweka mzee wa watu kwenye kiti kile mbele ya wakubwa wake. Akasimama pale pale akisubiri. Baba naye alisubiri, macho kwenye taulo. Sindano alimtazama huyu, akamtazama yule.

"Nisamehe, baba," alisema.

"Yameisha," baba akajibu, akavuta kiti wakala.

Alihama mwisho wa mwezi. Kila hospitali aliyoomba kazi iliulizia alikotoka, na kule Jenerali alipokea simu kwa furaha. Mwishowe alipata kibanda cha kuchapa barua na kusafisha picha, karibu na stendi, kwa mama mmoja asiyejali barua za kufukuzwa.

Huko ndiko mama yake alimpigia simu. Baba ameagwa jana kwa kustaafu, alisema, sherehe imefana, Jenerali kahutubia mpaka watu wakatoa machozi, na sasa wanataka picha zisafishwe, kwa nini wampe mtu baki? Picha zikaingia kwenye simu moja baada ya nyingine. Katika iliyopendeza kuliko zote baba yake alikuwa amekumbatiwa begani na Jenerali, wote wawili wakicheka kitu ambacho mpiga picha alikuwa amekisema.

Sindano aliuliza ngapi.

"Tatu," mama alisema. "Yetu, ya bibi yako, na ya Jenerali. Ya Jenerali iwe kubwa."

Akaipunguzia mwanga uliozidi usoni mwa baba yake, akanyoosha ukingo uliopinda, akaweka karatasi ngumu inayong'aa. Akachapa tatu.