Sola Iliyoshushwa Paani

Sauti ilitoka kwenye spika bila jenereta kunguruma, na uwanja mzima wa kijiji kile cha Misungwi ukapigwa na butwaa. Jukwaani kulikuwa na sola imeinamishwa kulielekea jua.

"Wenzangu wanaahidi," alisema mgombea. "Mimi nimeshawaletea umeme wa jua."

Wazee walivua kofia. Luhende, mwandishi wa gazeti jipya lililozuka Mwanza pamoja na vyama vingi, alikuwa amekuja kucheka. Sasa nywele zilimsisimka.

Ndipo muuguzi Dorotea alipomsogelea. Alimnong'oneza kwamba sola ile ni ya zahanati. Wapambe wa mgombea waliishusha paani asubuhi, pamoja na betri yake, bila hodi, na jioni hii ingeendelea na msafara hadi Kigongo. Jokofu la chanjo lilikuwa limezimika.

"Zitastahimili mpaka lini?" aliuliza Luhende.

"Jua likizama, basi. Na kliniki ya watoto ni Alhamisi."

Gazeti nalo lilitoka kila Alhamisi. Ukweli ungechapishwa chanjo zikiwa zimekwisha haribika. Luhende akapanda jukwaani kumvika mgombea kilemba cha ukoka: picha ya ukurasa wa mbele ingefaa zaidi mheshimiwa akiwa juu ya paa la zahanati, anaifunga sola kwa mikono yake mwenyewe.

"Na ikibaki pale, watu watanikumbuka?"

"Kila wakiinua macho, mheshimiwa."

Mgombea alipanda ngazi na suti yake. Fundi wa msafara aliirudisha betri, akaunganisha nyaya. Umati ulinyamaza kana kwamba mtoto anazaliwa. Kisha, ndani, jokofu likaanza kuvuma taratibu, na Luhende akaona machozi yanamlenga. Jua lilelile lililokuwa likimchoma shingo lilikuwa likitengeneza baridi. Hilo halikuhitaji kutiwa chumvi. Akapiga picha.

Alhamisi alirudi na magazeti. Mhariri alikuwa amekata aya yote ya habari za kushushwa kwa sola. Kilichobaki ni picha na kichwa cha habari: MGOMBEA ALETA JUA.

Mama mmoja kwenye foleni aliitazama picha ile muda mrefu, mwanawe mapajani.

"Nesi, utufikishie shukrani zetu kwa mheshimiwa. Kura yangu ni yake."

Dorotea alimtupia Luhende jicho. Luhende akainamisha uso.

"Mshike vizuri mtoto," Dorotea alimwambia yule mama, akachoma sindano.