Kidole Gumba cha Clifford Sugden

Maureen alimfunga mumewe vifungo vya shati kuanzia chini kwenda juu, kama alivyofanya kila asubuhi tangu baridi ya mwaka juzi, na alipofika kwenye ukosi akasema, "Leo utamwambia Lorna."

"Nitamwambia."

"Jumapili iliyopita ulisema hivyo hivyo."

"Jumapili iliyopita ilinyesha mvua."

"Hapa mvua hainyeshi lini, Cliff? Ungekuwa unangoja ianuke, hata mimi usingenioa."

Clifford alicheka, kisha akaahidi kweli: leo, wakifika chini, kabla ya chai, atamweleza binti yao. Maureen akamtazama vidole vilivyolala juu ya meza, vyeupe hadi pingili ya pili, akaenda kumtafutia glavu.

Miaka thelathini na moja Clifford aliishika mashine ya kutobolea mawe katika machimbo yaliyo juu ya kijiji. Mashine ile ilimlisha, ikamsomeshea mtoto, na kidogo kidogo ikajilipa kwa vidole vyake. Ilianza na ncha, msimu wa baridi tu. Halafu ikawa hata kiangazi. Kufikia mwaka juzi aliweza kutia mkono mfukoni asijue ameshika ufunguo au sarafu mpaka autoe atazame. Daktari, mwanamke kijana asiyependa kuzungukazunguka, alimwambia kwamba mishipa imekufa na haitafufuka, na kwamba adui zake wawili sasa ni baridi na mtikisiko. Kwa hiyo ile baiskeli yake ya milimani aiache, au angalau aitie shokapu mbele. Clifford alimsikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgeni anayemweleza dini yake mlangoni, kisha akarudi nyumbani na kuipaka mnyororo mafuta.

Maana baiskeli yenyewe ilikuwa chuma kitupu. Haikuwa na springi mbele wala nyuma, wala chochote cha kumbembeleza mtu. Siku hizi vilima vya Yorkshire vimejaa vijana wenye baiskeli zinazomeza mawe na kunesa kama kitanda cha hoteli. Wakimpita Clifford humuuliza kama mzee yuko salama. Yuko salama, tena kuliko wao. Juu ya chuma kitupu, kila jiwe unalolikanyaga linapanda hadi kiganjani na kukuambia ukubwa wake. Unasimama juu ya pedeli, magoti na viwiko umevikunja, kwa kuwa hizo ndizo springi pekee ulizozaliwa nazo, na unaichagua njia shubiri kwa shubiri. Unakwenda polepole, lakini unakwenda ukiwa macho. Teremko ambalo wenzako walilimaliza wakalisahau, wewe unaweza kulisoma usiku kitandani, jiwe baada ya jiwe, hadi usingizi ukuchukue. Huo ndio utamu wake, na Clifford hakuwa na utamu mwingine mwingi.

Springi moja tu imebaki kwenye baiskeli ya namna hiyo, nayo ni upepo ulio ndani ya tairi. Ukizidi, baiskeli inakurusha. Ukipungua, tairi linakunjika juu ya jiwe na kuchomoka kwenye rimu. Katikati pana nafasi ndogo sana, na kundi la Clifford, wenzake wa kuendesha baiskeli, huitafuta kwa kidole gumba. Mtu akitoa geji ya kupimia upepo mbele yao atachekwa hadi Krismasi. Kila Jumapili, wakifika kwenye geti la juu la Kiln Bank, teremko lao la mawe na ngazi, wanaziegemeza baiskeli ukutani kwa mstari, naye Clifford anapita akibonyeza tairi la mbele, kisha la nyuma, na kusema neno moja: "Ongeza," au "Punguza," au "Nenda." Hakuna anayeteremka kabla ya kuambiwa nenda. Ilikuwa hivyo tangu siku alipomzuia Neville Uttley. Walikaribia kushikana mashati, halafu ikaonekana tairi la Neville limepasuka ubavuni. Neville husema hadi leo kwamba meno yake ya mbele ni mali ya kidole kile.

Kidole kile sasa kilikuwa kimekufa, na aliyejua ni Maureen peke yake. Ndivyo Clifford alivyoamini.

Alikuwa amejifunza kuwadanganya. Alikuwa akiligonga tairi kwa ukucha na kusikiliza mlio. Alikuwa akimtazama mwenye baiskeli usoni. Na kwa kuwa mtu anayemwambia kila mmoja "nenda" angeshukiwa, alikuwa akitupia "ongeza" hapa na "punguza" pale, bila mpango wowote, akiomba Mungu. Misimu miwili ya baridi ilipita asianguke hata mmoja. Hapo ndipo akaanza kujidanganya na yeye mwenyewe, kwamba labda kidole bado kinajua kitu ambacho mwenyewe hakijui. Aliona haya, haya ya kumfanya mtu ashindwe kula, lakini aliogopa zaidi. Akiwaambia, watasikitika, watampiga bega, na kuanzia hapo atakuwa yule mzee anayekuja kwa ajili ya chai na keki. Na Lorna, ambaye tangu ana miaka tisa hajawahi kuteremka Kiln Bank bila neno la baba yake, atamtazama vingine.

Siku hiyo walikuwa wanne. Upepo ulikuwa mkali getini, ukivuma kutoka upande wa mabwawa, na kondoo walikuwa wamejibana nyuma ya ukuta. Lorna alikuja na matairi mapya, mapana, ambayo hajawahi kuyatumia.

"Lorna," Neville alisema, "hayo umeazima kwenye trekta la nani?"

"La kwako. Nilikukuta umelala chini yake, sikutaka kukuamsha."

Nadeem, fundi wa mabasi kutoka Halifax, alicheka hadi akashika ukuta. "Mwache, mama barua. Ana wivu. Yake yana vipara kama mwenyewe."

Walimwita mama barua kwa sababu alikuwa tarishi wa posta, na miguu yake ilikuwa imeshapanda kila ngazi ya bonde lile.

Clifford alianza kwa Neville. Akabonyeza. Hakuhisi kitu. "Nenda." Kwa Nadeem akabonyeza, akatulia kidogo kama anayefikiri. "Ongeza nyuma. Mara tatu tu." Nadeem akachukua pampu, akaivuta baiskeli yake kando, nyuma ya banda la mawe, kama kawaida yake. Neville naye akasema anakwenda kukojoa, akaondoka na baiskeli. Clifford hakuwahi kujiuliza kwa nini mtu aende kukojoa na baiskeli.

Akafika kwa Lorna.

"Haya siyajui kabisa, Baba," Lorna alisema. "Ni mapana, hayafanani na yale ya zamani. Nimejaza tu. Niambie wewe."

Aligonga kwa ukucha na kuinamisha sikio. Upepo ulivuma, hakusikia lolote. Akamtazama Lorna usoni, na usoni hapakuwa na jibu, palikuwa na kungoja tu. Hapo ndipo angeweza kusema. Lakini wenzake walikuwa wanarudi, na alikuwa ameahidi kusema wakifika chini, akajiambia kwamba chini ni dakika kumi tu kutoka hapa. Akabonyeza la mbele kwa kidole kilichokuwa kama cha mtu mwingine.

"Punguza," alisema. "Mapana hayataki upepo mwingi."

Lorna akabonyeza valvu ya mbele na ya nyuma. Tsss. Akamtazama.

"Kidogo tena."

Tsss.

"Nenda."

Lorna alitangulia, kwa sababu alikuwa hodari kuliko wote na hakuna aliyebisha. Clifford alimfuata kwa nyuma, akamwona akiingia kwenye mawe ya kwanza amekunja viwiko, mwepesi, baiskeli ikicheza chini yake. Alijivunia. Hata baadaye hakuweza kukana kwamba katika dakika ile alijivunia. Kisha pakaja ngazi ya tatu, lile jiwe refu lililolala kimshazari ambalo wote wanalipita kwa kulikanyaga katikati. Lorna alilikanyaga katikati. Tairi la mbele likakunjika chini yake na kuchomoka kwenye rimu, chuma kikala jiwe, naye akapita juu ya usukani na kuangukia kiwiko chake cha kulia.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye matope akiutazama mkono wake, ambao ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Neville alikimbilia uwanda wa juu kutafuta mtandao wa simu. Clifford alipiga magoti nyuma ya binti yake na kumwegemeza kifuani, akimwambia atulie, watu wa uokoaji watakuja, atulie tu. Nadeem aliinua baiskeli ili isimzuie mtu, akaligeuza gurudumu la mbele na kulitazama tairi lililoning'inia. Halafu, kama mtu anayefanya jambo alilolizoea bila kufikiri, akatoa geji mfukoni na kuibana kwenye valvu ya tairi la nyuma, ajue ilikuwaje.

Akaisoma. Kisha akakumbuka Clifford yuko pale, na mkono wake ukasimama hewani.

"Hiyo ni nini?" Clifford aliuliza.

"Mzee, si sasa."

"Nadeem. Hiyo ni nini?"

Nadeem alikaa juu ya jiwe. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi ndevuni, lakini alionekana kama aliyeshikwa na mali ya wizi. "Tangu mwaka juzi," alisema. "Uliniambia nipunguze tairi lililokuwa na kipande cha msumari ndani, karibu limekwisha upepo. Nikajua. Nikamwambia Neville, akasema na yeye ameshajua. Basi tukawa tunapima wenyewe. Nyuma ya banda."

"Wote?"

"Wote. Hata wale wanaokuja kiangazi. Hatukutaka kukuvunja moyo."

"Na Lorna?"

Nadeem alimtazama Lorna, ambaye alikuwa amefumba macho na meno yakimgongana kwa baridi. "Binti yako, mzee. Tulijua yeye umemwambia. Nani angefikiri hujamwambia binti yako?"

Clifford alizidi kumkumbatia Lorna, na hakuweza hata kujua kama mikono yake inamshika kwa nguvu au kwa ulegevu. Walikaa hivyo karibu saa nzima mpaka machela ilipofika.

Hospitalini walimfanyia upasuaji jioni ile ile. Asubuhi yake daktari aliwaeleza wazazi kwamba kiwiko kilisagika, wamekiunga kwa vyuma na skrubu. Ataweza kula na kuandika, na pengine kazi ya posta, wakimpa njia isiyo na mizigo. Lakini mkono hautanyooka wala kukunjika kama zamani, na hautabeba tena mtikisiko. Maureen aliuliza swali ambalo Clifford hakuthubutu kuuliza. Daktari akatikisa kichwa. Baiskeli ya aina ile, hapana.

Maureen akasema anakwenda kutafuta chai. Hakumtazama mumewe alipotoka, wala hakuhitaji kumwambia afanye nini.

Clifford alivuta kiti. Alimwambia Lorna kila kitu, kuanzia ncha za vidole hadi kugonga kwa ukucha. Hakujitetea. Lorna alimsikiliza akitazama dari, mkono wake wa kulia ukiwa umefungwa kama mtoto mchanga, na alipomaliza akamuuliza, "Mama anajua?"

"Anajua."

"Neville na Nadeem?"

"Walijua wenyewe. Walikuwa wakipima kwa geji wakishatoka kwangu."

"Kwa hiyo ni mimi tu."

"Ni wewe tu."



"Ulipanga kuniambia lini?" Lorna aliuliza.

"Jana. Tukifika chini."

Lorna alicheka. Kicheko kikamtikisa bega, akauma midomo hadi maumivu yalipopungua. Clifford alinyoosha mkono, kisha akaurudisha mapajani, maana hakujua una kazi gani pale.

"Ungeniambia, Baba," Lorna alisema, "ningekubonyezea mimi. Ningesimama karibu yako kama ninayejifunza, nikubane mbavuni mara moja au mara mbili, wewe ungesema tu neno lako. Miaka yote. Nani angejua?"

Katika misimu ile miwili Clifford alikuwa amefikiria njia nyingi za kuwaficha, na hiyo haikuwahi kumjia hata mara moja, kwa sababu Lorna ndiye aliyekuwa anamficha kuliko wote.

"Sijui," alisema.

"Hakuna," Lorna alisema. "Hakuna ambaye angejua." Akageuza uso upande wa dirisha. "Muite Mama. Wewe nenda nyumbani, Baba. Nenda tu."

Alisimama. Alimkuta Maureen kwenye korido na vikombe viwili vya chai, akamwambia anaitwa. Maureen alimpa kikombe kimoja na kuingia ndani. Clifford alibaki amekishika, na hakujua kwamba kinamuunguza mpaka muuguzi mmoja aliyekuwa anapita alipomnyang'anya.