Maneno ya Msichana wa Kisimani

Mwalimu Muthama wa Kabati aliandika hadithi ya mapenzi, ikampendeza mno, na Jumamosi moja mchana mwaka 1956 akamsomea mkewe Kasyoka, aliyekuwa akichambua mbaazi mlangoni. Aliazimia kuipeleka gazetini, ila kwanza alitaka kusifiwa nyumbani. Mwalimu naye ni mtu.

Hadithi ilihusu kijana na msichana waliokutana miaka kumi nyuma, wakati wa ukame, kwenye kisima kilichochimbwa katika mchanga wa mto mkavu. Muthama alisafisha koo, akasoma kwa sauti ya msichana: "Ewe kijana muungwana, naona kiu imekulemea. Tafadhali pokea kata hii ya maji, unywe kwa utulivu."

Kasyoka akaacha kuchambua. Akanyanyua ungo, akaingia jikoni, na chakula cha jioni kikaletwa na binti yao Kavata. Kesho yake, wakienda kanisani, alitangulia peke yake kama mtu anayekimbilia basi.

Baada ya ibada Muthama akamfuata jikoni. "Mama Kavata, nimekosa nini?"

"Uliza huyo mwanamke wako wa pwani."

"Mwanamke gani?"

"Huyo wa ewe kijana! Ulimpata kule Mtito Andei, njia ya Mombasa, ulipokuwa unauzia madereva petroli? Na maji alikupa kwa utulivu!" Machozi yalikuwa yamemlengalenga.

Muthama akapaza sauti. "Kasyoka, ni wewe! Ni kisima chetu!"

"Mimi nilisema hivyo lini? Mimi nilikuambia, 'Wewe jonii ya bure, kunywa haraka, wacha kumalizia punda yangu maji!'"

Ndivyo ilivyokuwa. Askari waliporudi kutoka vita vya Burma, ambayo wao waliiita Bama, vijana wote waliiga maneno yao. Hata wachunga mbuzi waliitana jonii, jina la askari. Muthama alikumbuka kila neno. Lakini darasani aliwakaripia watoto waliosema Kiswahili cha namna hiyo, na aliogopa wenye gazeti wangemcheka.

"Niliona haya," akasema. "Maneno yetu yalikuwa ya kitoto."

"Basi ulinionea haya mimi."

Hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli, naye alimpenda mwanamke huyu kuliko gazeti lolote. Akaenda kuleta karatasi za hadithi na kalamu, akaketi chini kando ya mafiga, akayafuta maneno yote ya kiungwana. "Niambie tena. Polepole."

Kasyoka akamwambia. "Na wewe ukanijibu, 'Mimi nafika mpaka Bama, nitaogopa punda?' Na hata Machakos ulikuwa hujafika!"

Wakacheka mpaka Kavata akachungulia.

"Halafu nikanywa, nikaenda zangu," Muthama akasema akiandika. "Hadithi inaishia hapo."

"Haiishii hapo." Kasyoka akainama, akakoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. "Ulipoenda, nilimwaga debe langu mchangani. Lote. Ndio nianze kuchota upya, nikae pale, labda utarudi."

Mwaka ule, maji yalijikusanya kidogo kidogo kisimani, na kujaza debe kwa kata kulimaliza asubuhi nzima. Muthama alilijua hilo kama alivyolijua jina lake.

"Sikurudi mpaka kesho yake," akasema.

"Najua. Mimi nilifika nyumbani usiku, mama akanichapa, na sikumwambia kwa nini nimechelewa."

Muthama akaiweka kalamu chini, akamshika mkono uliokuwa bado na mwiko.