Kazi Aliyopewa Tabby

Idah hakuingia kwenye ubashiri wa mwaka huo kwa ajili ya kujifurahisha. Aliingia ili Tabby asimame mbele ya watu na kusema.

Ubashiri wenyewe ulikuwa wa watu ishirini na watatu, wengi wao wanachama wa zamani wa klabu ya baiskeli ya Thika. Mwenye kuuendesha alikuwa Abdulkarim, aliyekuwa na hoteli ya chai kwenye barabara ya kuteremkia mto Chania. Kila Agosti, wanawake wa timu kubwa za Ulaya walipoanza mbio zao za siku nane, kila mtu alituma majina matatu kwenye kikundi cha simu kabla ya saa saba mchana: nani atashinda mkondo wa siku hiyo, nani atamfuata, nani atakuwa wa tatu. Ukimpata mshindi ulipewa alama kumi. Jina lingine lolote likiingia tatu bora ulipewa tatu. Kamari Abdulkarim aliikataa tangu mwanzo. Zawadi ilikuwa moja tu: mshindi alichagua mtu yeyote kikundini akampa kazi, na kazi hiyo ilifanywa Jumapili, uani kwa Abdulkarim, wote wakitazama. Odongo, mpaka rangi wa magari, aliwahi kuosha baiskeli kumi na saba. Kochi Muriithi aliwahi kupika chapati za watu wote, na mpaka leo wanazitaja.

Mwaka uliopita alishinda Tabby, naye akamchagua Idah. Kazi aliyompa ilikuwa kuzunguka ua mara tatu kwa kibaiskeli cha mtoto. "Atuonyeshe vile alikuwa anapanda zamani," Tabby alisema, na watu wakacheka kwa sababu ilionekana ni utani.

Idah alipanda. Nyonga yake ya kushoto ina vyuma viwili na skrubu sita, na goti la upande huo halikunjiki hadi mwisho. Alizunguka mara ya kwanza, mara ya pili, na katika ile ya tatu akaanguka karibu na pipa la maji. Watu walicheka tena, wengine mpaka wakajishika mbavu. Tabby alikuja kumwinua. Idah aliusukuma mkono wake, akajiinua mwenyewe, akasema ni mavumbi tu. Alirudi kwake Ruiru siku hiyo hiyo. Kuanzia hapo alikuwa na jambo moja la kufikiria.

Miaka kumi na miwili nyuma, Idah na Tabby walikuwa wasichana wawili wenye kasi kuliko wote klabuni. Kulikuwa na nafasi moja ya kwenda kushindana Rwanda, na mchujo ulifanywa kwenye barabara ya kwenda Kilimambogo. Zikiwa zimebaki kilomita tano, Idah alikuwa mbele, Tabby nyuma yake, wengine hawaonekani. Kwenye kona inayoshuka kando ya mashamba ya mkonge, Idah alisikia bega likimgonga ubavuni. Kilichofuata ni mtaro. Abdulkarim, aliyekuwa akiendesha pikapu ya klabu nyuma yao, ndiye aliyemtoa humo na kumfikisha hospitali akiwa amemshika mkono njia nzima. Idah alipopata fahamu, Abdulkarim alimwambia kwamba gurudumu lake lilikanyaga jiwe.

Idah alisema si jiwe, ni bega. Kochi Muriithi alikuja kumwona akamweleza kwa upole kwamba mtu akigongwa kichwa hukumbuka mambo ambayo hayakutokea. Alirudia maneno hayo mara nyingi, na Idah, aliyelala miezi minne akitazama dari, mwishowe akaanza kuyaamini nusu nusu. Tabby alikwenda Rwanda. Alirudi na picha, akapata kazi ya kufundisha wasichana wa shule, na baadaye akafungua jimu yake Thika mjini. Idah alifungua kibanda cha kurekebisha baiskeli karibu na stesheni ya treni ya Ruiru. Mikono yake ilikuwa mizuri, wateja hawakukosekana. Kila mtu alisema amejikaza. Yeye mwenyewe, siku ambazo nyonga haikumsumbua, alisema hivyo hivyo.

Lakini alipoanguka kando ya lile pipa la maji, alilikumbuka bega. Hakulikumbuka nusu nusu. Alilikumbuka upande lilikotokea, na jinsi mtu anavyoinamisha kichwa kabla ya kusukuma.

Mwaka mzima alijifunza. Kibandani, mikono ikinyoosha rimu, alikuwa na simu imeegemezwa kwenye kopo la grisi ikionyesha mbio za Ubelgiji, za Uhispania, za Italia. Alijua ni nani hupanda mlima vizuri siku ya baridi, nani huogopa kushuka barabara ikiwa imelowa, timu gani humfanyia nani kazi. Wengine kikundini walitaja majina makubwa tu, kama watu wanaochagua nyama kwa kutazama bucha lenye taa nyingi. Idah alitazama barabara. Alijua mlima wa kilomita tatu ni tofauti na wa kilomita kumi kwa sababu miguu yake ilikuwa bado inajua.

Hata hivyo Tabby hakuwa mjinga. Baada ya mikondo minne alikuwa akiongoza, na Idah alikuwa wa pili, nyuma kwa alama kumi na tisa. Wengine walikuwa mbali sana. Mkondo wa tano ulipita kando ya bahari. Asubuhi hiyo Idah alitazama utabiri wa hali ya hewa wa mji wa huko, akaona upepo utavuma kutoka ubavuni, upepo ule unaolikata kundi vipande vipande, na badala ya yule Mholanzi anayeitwa Verhaak aliyependwa na wote, akamtaja msichana mnene wa Denmaki ambaye hakuna aliyemjua. Saa kumi na mbili jioni msichana huyo alivuka mstari akiwa peke yake. Kikundini watu walimpongeza. Tabby aliandika, "Idah leo ameamka." Hakuna aliyepata alama siku hiyo isipokuwa Idah.

Mkondo wa sita ulipunguza pengo kwa alama moja tu. Ilibaki mikondo miwili, yote ya milima, na yote miwili Verhaak alikuwa wa kushinda. Idah alipiga hesabu akaona ukweli: yeye atamtaja Verhaak, Tabby atamtaja Verhaak, na pengo la nane litabaki vile lilivyo.

Asubuhi ya mkondo wa saba Odongo alipita kibandani kuchukua tairi. Odongo ni mtu mwema, lakini hajawahi kukaa na habari mpaka ipoe. Idah alimpimia upepo kwenye tairi, kisha akamwambia, kana kwamba anajisemea, kwamba ameona kwenye televisheni ya Wafaransa Verhaak akifungwa bandeji gotini. Alisema wenzake wa timu walimtazama kwa wasiwasi. Alisema asimwambie mtu, maana yeye mwenyewe amebabaika hajui atamtaja nani.

Hakukuwa na goti lolote. Odongo alipoondoka, Idah aliosha mikono kwa sabuni ya unga na kungoja aone haya. Haya haikuja. Alichosikia ni kitu kama njaa.

Saa saba kasoro dakika mbili Tabby alituma majina yake matatu. Verhaak hakuwemo. Idah alituma yake sekunde chache baadaye, Verhaak akiwa wa kwanza.

Aliutazama mkondo huo akiwa amesimama, kwa sababu hakuweza kukaa. Mlima wa mwisho, Verhaak aliondoka na kuwaacha wenzake kama mtu anayetoka sebuleni kwenda kufunga mlango. Idah alipata alama kumi na tatu. Tabby alipata tatu. Siku ya nane wote wawili walitaja majina yale yale, wote wakapata sawa, na Abdulkarim akaandika kwenye kikundi kwamba mshindi wa mwaka ni Idah wa Ruiru, kwa alama mbili.

Odongo alimtumia ujumbe wa pembeni akimuuliza lile goti alilionea wapi hasa. Idah aliusoma, akaufuta.

Jumapili walijaa uani. Abdulkarim alitoa chai na mahamri, kochi Muriithi akapewa kiti cha mbele kwa ajili ya miaka yake. Watu walikuwa wakibishana kazi itakuwa gani. Wengine walisema Tabby apandishwe kibaiskeli, iwe zamu kwa zamu, na Tabby mwenyewe alikuja na suruali ya mazoezi, yuko tayari kuchekwa.

Idah alisimama, akamtaja, akamwambia aje katikati.

"Sitaki upande kitu," alisema. "Kazi yako ni kusema. Uwaambie hawa watu kilichotokea kwa kona ya Kilimambogo."

Tabby alitazama chini, kisha akamtazama Abdulkarim, kisha kochi. Idah aliona macho yakienda huko na hakuelewa. Alidhani anatafuta wa kumwokoa.

Kwa muda alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi tangu ajali. Aliona mikono ya Tabby ikitafuta mfuko ambao suruali ile haikuwa nao. Alikuwa amengojea hilo, na alilitazama bila haraka.

"Nilikusukuma," Tabby alisema. "Kwa bega. Niliona utanishinda, nikakusukuma. Sikujua kuna mtaro. Lakini Idah, kwani unawaambia nani? Hapa kila mtu anajua."

Idah aligeuka. Alitegemea kuona watu wameshtuka. Waliokuwa karibu naye walikuwa wakitazama vikombe vyao. Odongo alikuwa akijikuna shingo. Kochi Muriithi alikuwa amevua kofia na kuishika magotini, kama mtu aliye matangani.

Alimwendea Abdulkarim, aliyekuwa amesimama na birika mkononi.

"Wewe ulikuwa na gari nyuma yetu."

"Nilikuwa."

"Uliona."

Abdulkarim aliweka birika chini. Alisema aliona, na akaeleza kwa sauti ndogo, bila kujitetea sana. Idah alikuwa ameshavunjika, alisema, asingeweza kwenda popote. Kama angesema, Tabby angefungiwa, na klabu isingepeleka mtu. Mfadhili alikuwa ameshasema bila mtu Rwanda hatoi baiskeli hata moja. Kulikuwa na watoto kumi na wanane wakingoja baiskeli hizo. Wakakaa, yeye na kochi na wachache wengine, wakakubaliana ni jiwe. Wengine walikuja kuambiwa polepole, mmoja baada ya mwingine, kwa miaka.

"Na kochi akaniambia ni kichwa," Idah alisema.

Kochi Muriithi alitaka kuongea, akaanza na "mwanangu," na Idah akamwambia asimwite hivyo.

Miaka kumi na miwili alikuwa akinywa chai kwa Abdulkarim. Alikuwa amemtengenezea baiskeli bila kumlipisha, kwa sababu ndiye aliyemshika mkono ndani ya pikapu. Alikuwa amempelekea kochi dawa za presha. Sasa alisimama katikati yao akajaribu kumpata mtu mmoja, mmoja tu, ambaye hakujua, na kila alipotua jicho mtu aliangalia pembeni. Alikuja kumvua nguo Tabby mbele ya watu, na aliyebaki uchi ni yeye.

Hakupiga kelele. Aliomba karatasi. Benta, mhudumu wa hoteli, alimletea daftari la oda, na Idah akaliweka mbele ya Tabby, akamwambia kazi haijaisha. Aandike alichosema, atie sahihi, na Abdulkarim na kochi watie sahihi chini yake kama walioona na walionyamaza. Mtu mmoja nyuma alinung'unika kwamba hiyo si kazi ya mchezo tena. Abdulkarim alimwambia anyamaze. Sheria aliiweka yeye mwenyewe, alisema, na akawa wa pili kutia sahihi.

Jumatatu Idah aliipeleka karatasi hiyo kwa chama cha baiskeli cha kaunti. Wiki tatu baadaye Tabby aliondolewa kwenye kufundisha wasichana, na kochi Muriithi akavuliwa uenyekiti wa heshima wa klabu. Wasichana wale walibaki bila mwalimu. Mama wa mmoja wao alimpigia Idah simu akamuuliza kama ameridhika sasa, na Idah akasema bado.

Abdulkarim alikuja Ruiru mwezi uliofuata akikokota baiskeli yake, gurudumu la nyuma limepinda. Alisalimu, akasimama jua likimpiga. Alisema hakuja kuomba msamaha kwa maneno, maana maneno yake yameshakwisha thamani. Amekuja tu kama mteja.

Idah alikuwa ameshika spana. Aliligusa gurudumu kwa kidole, akalizungusha, akaona spoki nne zimelegea. Ilikuwa kazi ya nusu saa.

"Kuna fundi mwingine pale ng'ambo ya reli," alimwambia. "Anaitwa Mwendwa. Hajui kunyoosha vizuri, lakini atajaribu."

Abdulkarim akageuza baiskeli. Gurudumu lilikwaruza breki kila lilipozunguka, na Idah alilisikia mpaka lilipovuka reli. Halafu akavuta kiti, akanyoosha mguu wa kushoto mbele yake, akaendelea na baiskeli iliyokuwa juu ya stendi.