Tairi la Teksi ya Ikoni

Oumaya alikuwa akitafuta kumi na mbili tu. Katika mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka ule wa 1999, alianguka kwa alama chache, na aliyekosa kidogo namna hiyo huitwa tena asimame mbele ya mwalimu ajibu swali la fizikia kwa mdomo. Akipata kumi na mbili kati ya ishirini, amefaulu. Na mdomo ndio uliomtia hofu.

Alizaliwa Mutsamudu, kisiwani Nzwani, na Nzwani ilikuwa imejitangazia kujitenga na visiwa vingine. Aprili ile vijana wa Moroni, mji mkuu, walizunguka mitaani wakiwasaka Wanzwani, na aliyefungua kinywa alijulikana papo hapo, maana lahaja za visiwa hivi hazifichiki. Kamaria, mama yake mdogo aliyekuwa akikaa naye Moroni, alimpa amri moja. "Huko ni Kifaransa tu, mwanangu. Kikikushinda, nyamaza."

Basi akafika, akasalimu kwa Kifaransa, akakabidhi karatasi yake ya mtihani, akaenda ubaoni. Mwalimu Mdahoma, mtu mzima mwenye kofia ya kudarizi, akamsomea swali. Hewa ndani ya tairi la teksi asubuhi ina nyuzijoto 27 na presha ya bar tatu. Adhuhuri imefika nyuzi 54. Ujazo haukubadilika. Presha sasa ni ngapi?

Oumaya aliandika kanuni ya gesi bila kukosea hata herufi. Halafu, kwa pupa ya mtu anayetamani mlango, akaona 54 ni mara mbili ya 27, akaandika bar sita.

"Eleza," akasema mwalimu.

Kifaransa kikamtoroka. Akanyamaza, kama alivyoagizwa.

"Bar sita!" Mdahoma akahamia Kingazidja, lahaja ya Moroni. "Kumbe teksi zote za mji wa Ikoni hupasuka matairi kabla hazijafika soko la Volo Volo. Mimi nimekuja na moja leo, sikusikia mshindo."

Kosa akaliona hapo hapo, tena la kitoto, na hasira zikampanda. Mwalimu alikwisha shika kalamu.

"Subiri, Mwalimu!" Ilimtoka kwa lugha ya kwao, ya Mutsamudu kabisa. "Nimeanzia pabaya. Nyuzi sifuri ni pale maji yanapoganda, si pale joto linapokwisha. Gesi pale bado ina joto, bado inasukuma. Kwanza niongeze 273. Asubuhi inakuwa mia tatu, mchana mia tatu ishirini na saba. Presha ni bar tatu na robo, na ushee kidogo."

Kisha akasikia alichokifanya, akajiziba mdomo.

"Unaficha nini?" Mdahoma akageuza karatasi iliyokuwa mezani muda wote. "Mahali pa kuzaliwa, Mutsamudu. Umenipa mwenyewe."

Halafu akasema Kinzwani, kizito kidogo lakini kamili. "Nimefundisha kwenu miaka mingi. Mwaka juzi, mlipojitenga, nikafukuzwa, nikaondoka na mkoba mmoja tu. Wanafunzi wangu wa kule nao walikuwa wakiisahau hiyo 273."

Oumaya akajua kwisha kazi. Leo atalipishwa yeye ule mkoba. Mwalimu akaandika, akamwonyesha. Kumi na mbili.

"Umenihurumia?"

"Ningekuhurumia ungepata kumi na tano. Ningelipiza ungepata sita. Umekosea, ukajisahihisha, ukaeleza. Niitie anayefuata."

Kamaria alikuwa akimngoja sokoni Volo Volo, mbele ya meza ya samaki, roho juu. Akamvuta karibu, akanong'ona, "Hawakukujua?"

"Walinijua, mama," Oumaya akajibu kwa lugha yao, kwa sauti yake ya kila siku. "Na nimefaulu."

Muuza samaki akainua kichwa, kisu mkononi. Kamaria akamkaza mpwa wake mkono mpaka ukauma. Oumaya alikuwa anaogopa, hakuna haja ya kumsifia uongo. Hata hivyo akanyoosha kidole kwenye jodari, akauliza bei kwa lugha ile ile.

Mtu yule akalaza kisu mezani. Kisha akataja bei, ile ile aliyomtajia mteja wa kabla yao.